Waliosema Ndiyo

Wimbo wa "Ndiyo Mzee" niliusikia mara ya kwanza mwaka 2001, nimesimama kwenye daladala la kwenda Mbagala lililojaa hadi mlangoni. Dereva aliongeza sauti. Kiitikio kilipofika, abiria waliokuwa wamenuna kwa joto na foleni wakaitikia kwa pamoja: mama mwenye ndoo ya dagaa, wanafunzi waliobanwa nyuma ya kiti cha dereva, konda akipiga bati kwa kiganja. Watu wakacheka. Tulipokaribia kituo cha mbele, mzee mmoja akasema taratibu, kama anajisemea mwenyewe: "Si ndivyo tulivyoitikia mwaka jana?" Mwaka jana, yaani 2000, tulikuwa tumetoka kupiga kura.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza wimbo ule umejengwaje hata uweze kumfanya mtu acheke, kisha ajikamate akicheka.

Professor Jay, kwa jina lake halisi Joseph Haule, alikuwa ametoka kundi la Hard Blasters. Wimbo ulitengenezwa Bongo Records kwa P-Funk Majani, ukaingia kwenye albamu ya Machozi, Jasho na Damu. Wakati huo rapu ya Kiswahili yenye kutetea wanyonge ilikuwa na njia yake iliyozoeleka: msanii anasimama upande wetu na kumnyooshea kidole mkosaji. Wagosi wa Kaya wa Tanga waliifuata njia hiyo walipoimba "Wauguzi", na waliifuata vizuri mno. Unamsikia mgonjwa mwenyewe akinung'unika kwenye benchi la hospitali. Jay alihamia upande wa pili. Alivaa suti ya mgombea, akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti. Ndani ya beti zake hakuna anayemkosoa mgombea huyo. Anaachwa aongee, naye anaongea kwa raha zake.

Zitazame ahadi zenyewe. Dawa zitajaa kwenye zahanati. Wanafunzi wa sekondari watakwenda kufanyia majaribio yao ya sayansi mwezini. Mabomba yatatoa maziwa. Polisi watazunguka kwa helikopta. Mchekeshaji wa kawaida angeanza na yanayowezekana, apande kidogo kidogo hadi ya ajabu, ili kicheko kije mwishoni. Jay ameyachanganya. Dawa za zahanati na safari ya mwezini zinatoka kwa sauti ileile, kwa uhakika uleule, bila kukonyeza. Msikilizaji anaucheka mwezi, halafu anakumbuka zahanati ya kijijini kwao na kabati lake tupu. Kumbe kwa miaka yote hiyo dawa zilikuwa mbali sawasawa na mwezi. Hapo ndipo wimbo unapouma, na unauma bila kutaja chama wala jina la mtu.

Kuna ufundi mwingine ndani ya sarufi. Kiswahili kinampa mwanarapu vina vya bure, kwa kuwa karibu kila neno letu linaishia na irabu. Ndiyo maana vina vingi vya mwisho havina uzito, hata mtoto anaweza kuvipanga. Mkazo wa wimbo huu umekaa mwanzoni mwa kitenzi: nita-, nita-, mta-, nita-. Mimi nitatoa, ninyi mtapata. Nafsi ya kwanza umoja na wakati ujao vinagonga sikio kama nyundo, hadi kiambishi chenyewe kinakuwa tabia ya mtu. Mgombea huyu hana "sisi" ya kufanya kazi pamoja na waliomzunguka. Mdundo wa Majani unampa nafasi. Haushindani na maneno, na kila silabi inasikika hata kwenye spika mbovu za daladala.

Lakini roho ya wimbo ni kiitikio. Mwitikio tunaujua tangu utotoni, kwenye ngoma, kwenye hadithi za usiku. Darasani tulifundishwa kusimama na kujibu "ndiyo mwalimu" kabla hatujaelewa swali. Kwenye mikutano ya hadhara mtu hurusha neno, umati hulidaka. Na kuna jambo zito zaidi ambalo vijana wa leo huenda hawalijui: kuanzia uchaguzi wa 1965 hadi wa 1990, karatasi ya kura ya rais ilikuwa na mgombea mmoja, na mpiga kura alichagua kati ya Ndiyo na Hapana. Chaguzi sita, nne za Mwalimu Nyerere na mbili za Mzee Mwinyi. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, ila midomo ilikuwa imeshazoea. Jay alilichukua neno hilo "ndiyo" pamoja na heshima yetu kwa wakubwa, akaviweka mahali ambapo wimbo hauwezi kukamilika mpaka msikilizaji aitikie. Ukiimba nao, umeshiriki mkutano ule. Mashtaka yanatoka kinywani mwako mwenyewe.

Nyimbo zilizoendeleza kisa hicho sizipendi kwa kiwango kimoja na huu. Katika "Kikao cha Dharura" mgombea yule amekwishapata madaraka na anawaita wenzake kujibu hoja. Maelezo yamekuwa mengi, na msikilizaji amebaki nje ya chumba. "Nang'atuka" unanirudisha kidogo kwa sababu ya neno lake tu, lile la Kizanaki ambalo Mwalimu alitupa sote alipoachia urais mwaka 1985.

Mwaka 2015 Joseph Haule mwenyewe alisimama jukwaani kuomba kura, akachaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi kwa tiketi ya CHADEMA. Alikaa bungeni Dodoma hadi 2020, kwenye viti vya upinzani. Katika ukumbi ule, hoja inapofika mwisho Spika huwahoji wabunge. Wanaoafiki husema ndiyo, wasioafiki husema siyo, naye huamua kwa masikio upande upi umeshinda.