Kapteni Lionel Queripel na Askari wa Miamvuli wa Arnhem

Askari wa miamvuli, yaani wanajeshi wanaorushwa kutoka ndegeni ili watue nyuma ya safu za adui, hupigana wakiwa na silaha nyepesi na risasi chache, na kwa hiyo uimara wao hutegemea zaidi moyo wa kila mmoja kuliko zana. Sifa hiyo haikudhihirika popote kama kwa Kapteni Lionel Queripel, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1920 na kutumikia Batalioni ya 10 ya Miamvuli, ambayo ilitua Uholanzi tarehe 18 Septemba 1944 katika vita vya kuliteka daraja la Arnhem. Kesho yake, akikaimu uongozi wa kombania, alimbeba sajini aliyejeruhiwa chini ya mvua ya risasi hadi kituo cha huduma ya kwanza, akajeruhiwa usoni, kisha akaongoza shambulio lililoukomboa mzinga wa Kiingereza wa kupigia vifaru ambao Wajerumani walikuwa wameuteka. Jioni, akiwa mtaroni na majeraha ya uso na mikono, aliyaokota mabomu ya mkono yaliyotupwa na adui na kuyarudisha yalikotoka. Hatimaye aliwaamuru wenzake warudi nyuma, nao wakapinga, lakini yeye akabaki kuwakinga kwa bastola na mabomu machache yaliyosalia. Operesheni yenyewe ilishindwa, na kushindwa huko hakupunguzi chochote katika tendo lake. Mwaka 1945 alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa nchini Uingereza. Alikuwa amekufa akiwa na umri wa miaka 24, na amezikwa Oosterbeek.