Moto Huzaa Jivu: Taashira na Matabaka katika The Great Gatsby

Katika ufundishaji wa fasihi yamezuka mazoea ya kuzishughulikia taashira kana kwamba ni maneno ya kamusi. Mwanafunzi hupewa orodha: mwanga wa kijani ni matumaini, majivu ni ufukara, macho yaliyochorwa katika bango ni Mungu. Huikariri orodha hiyo, huiandika katika karatasi ya mtihani, na hupata alama zake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mazoea hayo yanaipotosha The Great Gatsby, riwaya ya F. Scott Fitzgerald iliyochapishwa New York mwaka 1925, na pengine yanaupotosha uhakiki wenyewe. Hoja yetu ni kwamba katika riwaya hii taashira haina maana moja iliyo sawa kwa watu wote. Maana yake hutegemea ni nani anayekitazama kitu, anakitazama kutoka upande gani, na yeye mwenyewe anamiliki nini. Mhakiki anayelisahau swali la tabaka huwa anaisoma nusu ya taashira tu.

Kisa kinatokea katika majira ya joto ya mwaka 1922, katika kisiwa cha Long Island na jiji la New York. Jay Gatsby, aliyezaliwa James Gatz katika familia ya wakulima maskini wa North Dakota, amejitajirisha kwa magendo ya pombe, biashara iliyonawiri Marekani wakati kileo kilipokuwa marufuku, kuanzia mwaka 1920 hadi 1933. Anaishi West Egg, makao ya matajiri wapya. Ng'ambo ya ghuba, huko East Egg, anaishi Daisy, mwanamke aliyependana naye miaka mitano kabla, ambaye sasa ni mke wa Tom Buchanan, mrithi wa utajiri wa kale. Baina ya makao hayo na jiji pana bonde la majivu, na humo anaishi George Wilson, mwenye gereji, pamoja na mkewe Myrtle, ambaye ni hawara wa Tom. Yote haya tunayapokea kwa kinywa cha Nick Carraway, jamaa ya Daisy na jirani ya Gatsby.

Msomaji wa Kiswahili ataufahamu upesi mpaka uliopo kati ya East Egg na West Egg akikumbuka jinsi neno uungwana lilivyotumika katika miji ya pwani yetu. Mtu aliweza kuwa na mali na bado akaulizwa ukoo wake. Ulinganisho huu usisukumwe mbali, kwa kuwa historia za jamii hizi mbili ni tofauti. Hata hivyo unatusaidia kuona kwamba Gatsby hakosi fedha. Anachokosa ni umri wa fedha hizo, na kitu hicho hakinunuliki.

Tuanze na ule mwanga wa kijani, ambao ndio taashira iliyozungumzwa kuliko zote. Gatsby anaunyoshea mikono usiku kutoka upande wake wa ghuba. Kwake yeye ni Daisy, ni wakati uliopita, ni kila kitu ambacho bado hakijapatikana. Lakini tujiulize swali la kawaida kabisa: mwanga huo ni wa nani? Ni taa iliyo mwishoni mwa gati la nyumba ya akina Buchanan. Kwa wenyewe ni chombo cha nyumbani, sawa na taa ya barazani, na hakuna mahali ambapo Tom au Daisy anauona kuwa ni kitu cha ajabu. Siku Daisy anapoingia katika nyumba ya Gatsby na kusimama kando yake, msimulizi anatambua kwamba taa hiyo imerudia kuwa taa tu. Basi kitu hiki ni taashira kwa asiyekuwa nacho, na ni mali tu kwa aliye nacho. Kuandika kwamba mwanga wa kijani ni matumaini, bila kusema ni matumaini ya nani kuhusu mali ya nani, ni kuifuta ile ghuba ambayo mwandishi ameiweka makusudi.

Majivu nayo yana wenyewe. Fitzgerald hakulibuni bonde lile lote kutoka kichwani mwake. Huko Queens, mahali paitwapo Corona, palikuwa na jaa kubwa la majivu ya makaa ya mawe yaliyochomwa katika majiko na matanuri ya Brooklyn. Baadaye mahali hapo ndipo yalipofanyiwa Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1939. Wahenga wetu walisema kwamba moto huzaa jivu. Aghalabu methali hii hutajwa pale mtoto asipofanana na mzazi wake mwema, lakini hapa inafaa ichukuliwe kwa maana yake ya wazi. Jivu haliwezi kuwapo pasipo moto. Watu waliota moto katika nyumba zao, viwanda viliendeshwa kwa moto huo, kisha mabaki yakapelekwa kumwagwa mahali wanapoishi wengine. Kwa hiyo majivu ya riwaya hii yanazidi kuwa picha ya ufukara. Ni ushahidi wa uhusiano: yanaonyesha kwamba joto la upande mmoja ndilo lililozaa vumbi la upande wa pili. Mwandishi anatuambia pia kwamba daraja linapoinuliwa kupisha matishari, abiria wa garimoshi hulazimika kulitazama bonde hilo kwa muda upatao nusu saa. Wanatazama, kisha wanapita. Wilson habanduki, na vumbi limemkaa katika suti na nywele.

Vivyo hivyo yale macho makubwa ya buluu yenye miwani ya manjano, yaliyochorwa katika bango la Daktari T. J. Eckleburg. Asili yake ni tangazo la biashara la daktari wa macho aliyetafuta wateja. Matajiri huyapita wakiwa ndani ya motokaa zao. Ni Wilson peke yake, baada ya kifo cha mkewe, anayeyatazama na kuyahesabu kuwa ni macho ya Mungu aonaye yote. Na jirani yake Michaelis anamkumbusha kwamba hilo ni tangazo tu. Mhakiki anayeandika kwamba macho yale ni Mungu amelichukua kosa la mtu aliyefiwa na kulifanya fundisho la mwandishi. Jambo zito zaidi ni kwamba katika jamii hii maskini hakubakiziwa chombo kingine cha kumwombea haki isipokuwa bango la mfanyabiashara aliyekwisha kuondoka.

Uthibitisho mkubwa wa hoja yetu, hata hivyo, umo katika nguo, ambazo orodha za mitihani huziacha kando. Gatsby alipokutana na Daisy huko Louisville mwaka 1917, alikuwa amevaa sare ya afisa wa jeshi. Sare ile ilimsitiri, kwa maana ndani yake kijana wa mkulima hakutofautiana na mwana wa tajiri. Vita vilipokwisha, Meyer Wolfshiem alimkuta angali ameivaa, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kununua nguo za kiraia. Vazi ni lile lile. Kwanza liliuficha umaskini, kisha likautangaza. Tena kuna wanawake wawili wanaolia kwa ajili ya nguo. Daisy analia alipomwagiwa mashati mazuri ambayo Gatsby ameletewa kutoka Uingereza. Myrtle naye alilia mchana kutwa siku alipokuja mtu kuidai suti yake, ndipo akatambua kwamba mumewe alifunga ndoa kwa suti ya kuazima. Machozi ya mmoja yametoka kwa wingi wa nguo, na ya mwingine yametoka kwa ukosefu wake. Mwishowe Tom, katika kumkana Gatsby kuwa alisoma Oxford, hatafuti hoja; anaitaja suti yake ya rangi ya waridi, basi.

Ni katika ugomvi wa Hoteli ya Plaza ambapo Tom analifunua tabaka lake bila kukusudia. Anaugeuza ugomvi wa mke kuwa ni hatari ya weupe kuoana na weusi, na Jordan Baker analazimika kusema kwamba wote waliomo chumbani ni weupe. Msomaji wa Kiafrika hana budi kulitua jambo hili. Lugha ya ubaguzi, ambayo makusudio yake ni kumdhalilisha mtu mweusi, hapa imeelekezwa kwa mweupe mwenzake aliyezaliwa maskini. Rangi imegeuzwa ukuta wa kulinda urithi.

Inawezekana kutupinga kwa kusema kwamba Gatsby ni mhalifu, wala si mfanyakazi, na kwamba anguko lake ni malipo ya tamaa. Uhalifu wake haukanushiki. Lakini tuwahesabu waliokufa. Myrtle anagongwa na motokaa ya Gatsby ikiendeshwa na Daisy; Tom anamwelekeza Wilson kwa mwenye motokaa; Wilson anamuua Gatsby na kujiua. Watatu wamekufa, na hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa na mali. Akina Buchanan wanafunga mizigo na kuondoka. Kama ni malipo ya tamaa, basi malipo hayo yamechagua milango ya kubisha.

Hata hivyo tusimsifu mwandishi kupita kiasi. Msimulizi wake anatoka katika jamaa ya wafanyabiashara wa jumla wa vifaa vya chuma; kaka ya babu yake, mwanzilishi wa biashara hiyo, alimpeleka mtu mwingine kupigana badala yake katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Nick analitaja hilo kwa sentensi moja, kisha anaendelea. Kwa jicho hilo hilo anawaona watu wa bondeni: vivuli vya kijivu, wanaosikika zaidi wanapolia au wanapokufa. Gatsby amepewa ndoto na historia. Wilson amepewa vumbi. Huu ni upungufu wa riwaya, na ni upungufu wa kitabaka.

Kwa kumalizia, hatupendekezi kwamba taashira ziachwe katika ufundishaji. Tunapendekeza kwamba mwanafunzi, kabla ya kuulizwa taashira hii ina maana gani, aulizwe kitu hiki ni cha nani, kimetengenezwa au kuachwa na nani, na nani anakitazama kwa mbali. Akiyajibu hayo, ataona mwenyewe kwa nini taa ya gatini haimulikii bonde la majivu.