Jinsi Marubani wa Nanyuki Walivyomlegeza Mwenye Silaha

Tarehe 1 Agosti 1982, askari wa Jeshi la Anga la Kenya walipojaribu kuipindua serikali ya Rais Moi, Koplo Bramwel Njereman aliwalazimisha marubani watatu wa kambi ya Nanyuki wakapige mabomu Ikulu na makao makuu ya kikosi cha polisi cha GSU, Nairobi. Walikuwa Meja David Mutua, Kapteni John Mugwanja na Kapteni John Baraza. Koplo alipanda ndege ya mmoja wao. Wakijua kwamba hajazoea ndege za kivita, wakaafikiana kuzigeuza ndege angani kwa ukali hadi alegee. Mabomu yaliishia kwenye msitu wa Mlima Kenya, nao wakarudi Nanyuki.

Kisa hiki husimuliwa kama cha ushujaa. Kwangu mimi, uzito wake uko kwenye walichokijua kuhusu damu.

Anayeteremka kwa basi kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, kusini mwa Tanzania, anaijua nusu ya habari. Kwenye kona za milima ile mwili husukumwa ubavuni, bega likamwegemea jirani, lakini kichwa hakikosi damu. Rubani anapoinua pua ya ndege ghafla, nguvu hushuka kutoka kichwani kwenda miguuni. Moyo hupandisha damu kama sentimita 30 kufika machoni, na kila G inayoongezeka (G 1 ni uzito wa kawaida wa mwili ardhini) hupunguza shinikizo la damu kichwani kwa zaidi ya milimita 20 za zebaki. Aliyeanza na 120 hubakiwa na kidogo mno kwenye G 5.

Macho ndiyo hutangulia kushindwa, kwa kuwa jicho lina shinikizo lake la ndani linaloizuia damu dhaifu kuingia. Rangi hufifia, pembeni huwa giza, kisha giza hutanda kote, ilhali mtu bado anasikia na kufikiri. Nguvu ikizidi, huzirai. Ikija kwa ghafla sana, dalili za macho hazitokei kabisa: ubongo hutumia akiba ya oksijeni ya sekunde 5 hivi, kisha huzimika. Anayezinduka huduwaa kwa sekunde kadhaa, na wengi hukana kwamba walizirai.

Mbona rubani wa ndege hiyohiyo hazirai? Kwa sababu mkono wake ndio unaoileta nguvu hiyo. Kabla haijafika, amekwisha kukaza mapaja na tumbo, amebana pumzi, na huibadilisha haraka kila baada ya sekunde 3. Vazi lake maalumu hujaa hewa na kuibana miguu. Aliyekaa bila kujiandaa huweza kuzimika kwenye G 5. Aliyefunzwa na kuvaa vazi hilo huhimili hadi 9. Isitoshe, kwenye G 5 silaha ya kilo 3 huwa na uzito wa kilo 15 mkononi.

Hata hivyo marubani wenyewe hawakuwa salama. Uchovu, kiu na kukosa usingizi hushusha uvumilivu huo, na ndege iendayo kilomita 800 kwa saa hupita zaidi ya kilomita 3 katika sekunde 15 za kuzirai.