Kufuga Maji Nakalale

Anayetaka kufuga tilapia kwenye tangi la saruji hapa Nakalale, katikati ya Lodwar na Kakuma, kazi yake ya kwanza ni kufuga maji. Samaki akipata maji mazuri hujitunza. Maji hayajitunzi. Tilapia hutoa amonia kupitia matamvua yake usiku na mchana, na chakula kilichozama bila kuliwa kikioza huongeza nyingine. Maji yaweza kuwa maangavu kabisa huku matamvua yanaungua.

Hapa Turkana, sumu hiyo ina makali zaidi. Amonia huwa na hali mbili majini: iliyofungwa, isiyodhuru sana, na iliyo huru, inayopenya hadi kwenye damu. Joto na magadi ndivyo huamua ipi itawale. Maji ya nyuzi 25 yakiwa na pH 7, amonia iliyo huru haifiki hata sehemu moja katika mia. pH ikipanda hadi 9, inazidi theluthi. Sasa fikiria kwamba Ziwa Turkana lenyewe lina pH ya kama 9.2, na visima vingi vya kaunti hii hutoa maji ya chumvichumvi na magadi. Kuna tilapia mmoja wa Kenya aliyejiokoa na adha hii. Yule wa Ziwa Magadi, kwenye pH ya kama 10, hutoa taka yake ikiwa urea badala ya amonia. Wanasayansi walilieleza jambo hilo katika jarida la Nature mwaka 1989. Tilapia wa tangini hana kipawa hicho. Ana mfugaji wake tu.

Namheshimu mfugaji anayepima maji saa kumi alasiri. Wengi hupima asubuhi wakaridhika. Lakini mwani hushinda ukifyonza hewa ya ukaa juani, pH ikapanda, na amonia ile ile iliyokuwa pole alfajiri ikageuka kali. Alfajiri nayo ina balaa lake: mwani huo huo umekesha ukitumia oksijeni, na samaki wanapambazukiwa wakihema juu ya maji. Mwenye kuzijua saa hizi mbili hulisha jua likishapanda, kidogo kidogo, na amonia ikipanda hawapi kitu siku hiyo.

Halafu kuna bakteria. Wa kwanza hula amonia na kuacha nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa pili hula nitriti na kuacha nitrati, ambayo samaki huistahimili vizuri zaidi. Wote hujishika kwenye kokoto za chujio, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kustawi kwenye tangi jipya. Hapo ndipo ufundi huu unaponigusa zaidi: tangi limejaa, pampu ya sola inazungusha maji, na mwenyewe anatupia chakula kidogo kioze, akiwalisha viumbe asiowaona, bila samaki hata mmoja. Kokoto zikiziba, huzisuuza kwa maji ya tangi lenyewe, maana maji ya bomba yenye klorini yangewaua wale aliowangoja mwezi mzima. Wanaofuga aksolotli, kiumbe wa mifereji ya Xochimilco kule Meksiko, huwa na subira hiyo hiyo, ila wao hutafuta maji ya nyuzi 16 hadi 18. Kwa joto la Nakalale, afadhali tilapia.

Kinachoharibu matangi mengi ya nchi kavu ni kujazia tu. Jua na upepo huchukua maji matupu. Chumvi na nitrati hubaki. Ukijazia pengo kila wiki, unachobaki nacho kinazidi kukolea. Lazima kwanza utoe kiasi, tuseme robo, ndipo utie mapya. Na kutoa maji kunauma mahali panapopata mvua ya takriban milimita 200 kwa mwaka, ambako akina mama huchimba mchanga wa laga, mto uliokauka, kutafuta debe moja la maji. Ndiyo maana robo hiyo huelekezwa kwenye bustani, nayo mboga hushiba nitrati iliyokuwa mzigo tangini. Maharagwe hayawezi maji ya chumvi. Mchicha huvumilia zaidi. Basi kabla ya kupanda chochote, mfugaji huyaonja maji yake.