Sifa za Kuni Kavu

Kule Lusu, Nzega, nilimkuta bibi mmoja akipanga kuni za jiko lake jipya. Jiko lenyewe, banifu, la udongo, lilikuwa bado linakauka, lakini kuni zilikuwa juani tangu mvua zilipokatika. Alishika vipande viwili, akavigonganisha, akatega sikio. Vilivyolia kwa ukali vilipanda kichanjani; vilivyotoa sauti nzito vilirudishwa juani. Hakuhitaji kipimo kingine.

Kichanja kile ni kazi ya mtu anayejua. Kimeinuliwa kwa nguzo za mti mgumu, maana Unyamwezini kuni ikilala chini mchwa hawaisazi. Paa la nyasi limefunika juu tu. Pembeni kumeachwa wazi upepo upite. Kila kuni imelazwa gome juu, na kati ya kuni na kuni pana nafasi. Za mtundu zina upande wake, za mgunga, zenye makaa ya kudumu, upande wake, na vijiti vya kuwashia vimefungwa kitita. Zote zimepasuliwa nyembamba, kwa kuwa mdomo wa jiko banifu ni mdogo na haupokei gogo. Nilipitisha kidole kwenye ncha moja: nyufa zilikuwa zimetawanyika kutoka kwenye kiini, na gome likabanduka lenyewe.

Kuni iliyokatwa leo inaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiitia motoni, moto huchemsha kwanza maji hayo, ndipo uifikirie sufuria. Moshi unaowaumiza mama zetu macho na vifua huzidi hapo. Jiko banifu likilishwa kuni mbichi hupoteza sehemu kubwa ya ubora wake juu ya mafiga matatu.

Watu wa nchi hii waliujua moto. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe na vitambaa kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo walilala kando ya moto usiku baada ya usiku. Nyumbani, wazee waliwafunza vijana kwenye shikome, wakiota moto jioni. Kijana aliyeleta kuni mbichi pale alijulikana kwa moshi wake kabla hajaketi.

Leo miombo imerudi nyuma. Mabani ya tumbaku yamekula sehemu yake, mkaa umekula yake, na kuni za barabarani huuzwa zikiwa bado na utomvu. Mwaka 2024 taifa lilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia Watanzania asilimia 80 ifikapo 2034. Ni jambo jema, na nawatakia mama wa Lusu gesi isiyokatika. Lakini hadi mtungi ufike, na fedha ya kuujaza ipatikane, chakula cha jioni kinapikwa kwa kuni.

Tunagawa majiko, tunapiga picha, tunaondoka. Hatuulizi kuni zitakaa wapi masika, wala nani atazipasua kiangazi kingali kichanga. Wanaojua wanazeeka, na wajukuu wao hawajawahi kuambiwa wasikilize mlio wa kuni. Siku wajuzi hao watakapokwisha, majiko mapya yatafuka moshi kila jioni, nasi tutalilaumu jiko.