Kumpima Mtoto kwa Maisha Anayoyaishi

Mtoa tiba kwa vitendo anapompima mtoto, anataka kujua mambo mawili: mtoto huyu anafanya nini mwenyewe katika siku yake, na anakwama wapi. Kula, kuvaa, kucheza, kwenda chooni. Kipimo kisichogusa siku hiyo kitamhukumu mtoto kwa mambo asiyoyajua.

Tuangalie kipimo cha Denver, kilichotoka Marekani mwaka 1967 na kufanyiwa marekebisho miaka ya 1990. Toleo hilo jipya linauliza kama mtoto anapanda ngazi, anacheza karata, au anajiandalia nafaka za kifungua kinywa. Mtoto wa Mgeta, Morogoro, anapanda na kushuka vijia vya milima ya Uluguru kila siku, lakini kama kwao hakuna ngazi wala karata, atakosa alama ilhali miguu na akili yake ni vizima.

Majirani zetu wa Malawi walilitatua tatizo hili hatua kwa hatua. Timu ya Melissa Gladstone, iliyochapisha kazi yake mwaka 2010, haikuishia kutafsiri maswali ya wageni. Iliyajaribu kwa watoto, ikayachuja, ikabaki na vipengele 136 katika maeneo manne: mwendo, kazi za vidole, lugha na kuishi na watu. Kisha ikawapima watoto 1,426 wa vijijini wenye afya, wa chini ya miaka sita, ili ijue mtoto wa huko huanza kufanya jambo gani akiwa na umri gani. Hiyo ndiyo hatua tunayoiruka mara nyingi. Kilifi, Kenya, Amina Abubakar na wenzake nao walikuwa wameshatengeneza kipimo cha watoto wadogo wa pwani.

Hata hivyo, kipimo kizuri kinahitaji jicho zuri. Weka punje ya harage mbele ya mtoto wa mwaka mmoja. Je, anaikokota kwa kiganja chote, au anaibana kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada? Akishindwa, usiandike haraka. Mwenye mtindio wa ubongo huenda anatumia nguvu zake zote kujizuia asianguke. Mshike kiuno, nyayo zikanyage chini, kisha mpe tena. Mara nyingi mkono uliokuwa umekazana unalegea na kufika kwenye punje. Kama alizaliwa njiti, soma kadi ya kliniki na uondoe wiki alizowahi kuzaliwa: aliyewahi kwa miezi miwili, akifika miezi kumi apimwe kama wa miezi minane.

Kwa Morogoro, naongeza swali moja. Familia nyingi kutoka Gairo, Dumila au Mikumi, zikija kliniki mjini, hupitia stendi ya mabasi ya Msamvu. Mwulize mama: mlipofika Msamvu, mtoto alishukaje kwenye gari? Alishika nini? Alibebwa kwa sababu hawezi, au kwa sababu kondakta alikuwa anaharakisha? Majibu hayo yanaeleza usawa wa mwili, nguvu za mikono na utayari wa kujaribu, na hayahitaji kifaa chochote cha kununua.

Ripoti ikiandika "vidole dhaifu", mama anarudi nyumbani na huzuni tu. Ikiandika "akiegemezwa kiuno anakula mwenyewe", jioni hiyohiyo ana pa kuanzia. Kipimo kinachostahili jina hilo ni kile kinachomfikisha hapo.