Maandishi Yageuzwe Ndani

Kijana mmoja wa huku kwetu Kakuma ametengeneza makasha mawili ya kompyuta kwa mkono. Lile baya ndilo mlilopiga picha. Lile zuri liko chini ya meza katika chumba chetu cha vijana, na wengi wenu mmeshaligonga kwa mguu bila kulitazama. Hapa jaridani tunahakiki mashairi na michezo ya kuigiza, basi sioni kwa nini kazi ya bati isisomwe kwa makini yaleyale. Na mimi mwenyewe nina deni katika habari hii, nitalisema likifika.

Nianze na lile zuri.

Tulikuwa tumepewa kompyuta za mtumba, zile ndogo za ofisini, bapa, za kulazwa juu ya meza. Ni mashine nzuri kwa mahali zilikotengenezewa, yaani chumba chenye kiyoyozi na sakafu inayopigwa deki kila asubuhi. Hapa mchana joto linapita digrii 35, na upepo ukiamka kwenye laga ya Tarach unakuja na vumbi laini kama unga wa muhogo. Kifeni cha ndani kinavuta vumbi hilo siku nzima. Baada ya miezi kadhaa ukifungua unakuta kama blanketi. Moja ikafa ubao mkuu kabisa, na fundi akaomba apewe kasha tupu.

Tulimcheka kidogo, kwa sababu kasha la namna ile limekatwa kwa ubao wake peke yake. Matundu ya skrubu, umbo la kifaa cha umeme, hata plagi ya swichi, vyote ni vya kwao wenyewe. Ubao wa kawaida hauingii. Ndiyo maana watu huvitupa vyote pamoja, mwili na roho.

Yeye alikuwa anawaza ubao wa Mini-ITX. Hicho ni kipimo kilicholetwa na kampuni ya VIA mwaka 2001: mraba wa sentimita 17 kwa 17, na matundu manne ya kufungia. Kampuni yoyote ikifuata kipimo hicho, matundu yanakaa palepale, kwa hiyo kasha ulilotoboa leo litapokea ubao mwingine miaka mitano ijayo. Alipata wa mtumba kutoka Nairobi, ukaja kwa basi ndani ya sufuria, umefungwa kitenge.

Jinsi alivyoyahamisha yale matundu manne, hilo niliangalia kwa macho yangu. Alitandika karatasi ya daftari juu ya ubao, akasugua kwa penseli mpaka matundu yakajitokeza, akaibandika karatasi ndani ya kasha, akagonga alama kwa msumari, ndipo akashika drili ya mkono. Kabla ya hapo alikuwa ametoa kila kitu, hata waya ndogo. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, si angefunika tu kwa gazeti. Akasema, "Yaya, unga wa chuma haukusamehe." (Wakenya wasicheke. Kwetu yaya ni mkubwa wako, si mlezi wa watoto.) Chembe moja ikilala kati ya miguu miwili ya chipu inatosha kuunguza ubao wote. Alipomaliza kutoboa aliliosha kasha kwa sabuni, akalianika juani, ndipo akafunga vile vinguzo vinne vya shaba vinavyoinua ubao usiguse bati. Kuna vijana wamewahi kusahau vinguzo hivyo. Ukiwasha mara moja, hakuna mara ya pili.

Halafu feni. Kifeni cha zamani kilikuwa kidogo na kinalia kama nyuki. Yeye alitaka ile kubwa ya milimita 120, kwa sababu feni kubwa ikizunguka polepole inasukuma hewa sawa na ndogo inayopiga kelele. Lakini utakataje duara kubwa kiasi hicho bila mashine? Alichora duara, akatoboa vitundu vidogo vilivyokaribiana kuizunguka yote, akakata vipande vya katikati kwa patasi, akamalizia kwa tupa ya nusu duara. Jioni mbili nzima ni tupa tu. Matundu ya skrubu za feni hiyo yanaachana milimita 105 kutoka katikati hadi katikati. Ukikosea hata mbili, feni inakaa upande na inatetemeka. Yake haitetemeki.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho mimi nakihesabu kuwa ndiyo wazo lenyewe la kazi hii. Feni ile haitoi hewa, inaingiza. Mbele yake ameweka kitambaa cha soksi ya nailoni kilichotandikwa kwenye fremu ya waya, kinachotoka kwa kuvutwa. Kwa kuwa hewa inayosukumwa ndani ni nyingi, nyufa nyingine zote za kasha zinapumua kwenda nje. Vumbi halina mlango ila mmoja, na mlango huo unafuliwa. Kila Ijumaa mtoto yeyote wa hapo chumbani anaweza kuutoa, kuusuuza na kuurudisha. Mtu aliyebuni hivyo amewaza vizuri sana kuhusu watakaokuja baada yake, ambao huenda hawajui chochote kuhusu kompyuta. Feni haiwezi kuifanya hewa ya Kakuma iwe baridi, hilo lazima tukubali. Kama nje ni 38, ndani inaanzia 38. Lakini njia ya hewa ikiwa wazi, prosesa haifiki kwenye joto la kupunguza kasi yenyewe na kuzima.

Umeme pia ameufikiria. Kasha halina kile kifaa kikubwa cha umeme wa ukutani. Linakula moja kwa moja kwenye betri ya sola kupitia kibao kidogo cha kubadilisha umeme, na amechagua kile kinachovumilia volti kupanda na kushuka, maana betri tunayoiita ya volti 12 ikiwa inachajiwa inapita 14. Hakuna kupoteza umeme kwenye inveta.

Kifuniko ni mkebe wa mafuta ya kupikia, yale ya msaada, uliofunguliwa na kunyooshwa. Bati lake ni jembamba, kwa hiyo kingo amezikunja pindo mara mbili kama mafundi wanavyofanya kwenye majiko. Skrubu nne tu zinalishika, na zote ni za aina moja. Msidhani ni jambo dogo. Makasha ya mtumba yanakuja na skrubu za meno mapana na za meno membamba, zikichanganywa zinakula uzi wa tundu, na kasha halifungiki tena milele.

Makosa yapo. Kwa mchana wenye joto kifuniko kinazizima kwa sababu bati linapanuka, akaweka utepe wa mpira wa akala chini yake lakini bado unasikia. Swichi ni kitufe cha kengele ya mlango na kinakwama. Tundu la waya amelizungushia kipande cha mpira uliopasuliwa, vizuri, ila kona moja ya nyuma ameisahau, na kidole gumba changu ni shahidi.

Na maandishi? Mkebe una maandishi ya Kiingereza, jina la mtoaji na onyo kwamba hii haiuzwi. Ameyageuza ndani. Nilimuuliza siku ile kwa nini, nikitegemea jibu la heshima na utu wetu, si unajua sisi watu wa vijana tunavyopenda maneno hayo. Akaniambia, "Mimi nataka kuuza. Mteja asome 'haiuzwi' halafu anilipe?"

Kasha la pili lilitengenezwa kwa ajili ya meza ya maonyesho ya tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi. Hapa ndipo deni langu lilipo. Mgeni mmoja alipita akaliona la kwanza likiwa wazi, akaona yale maandishi upande wa ndani, akafurahi kweli. Mimi ndiye niliyemfuata fundi nikamwambia atengeneze lingine, safari hii ayaweke nje. Nikaandika na kikaratasi cha mezani: Kutoka Msaada Hadi Maarifa. Nikikisoma leo natamani kukila.

Ametii kabisa. Maandishi yako nje, yamenyooka, yamepolishwa. Ili picha isivurugike, feni ameihamishia nyuma, ndogo, bila kitambaa, inanyonya vumbi kutoka ukutani. Juu ameweka dirisha la plastiki ngumu mahali ambapo joto lilipaswa kutoka. Na badala ya skrubu kuna ribiti pande zote nne, zimepangika vizuri kama shanga. Ribiti ni nzuri kwa macho. Lakini ukitaka kufuta vumbi ndani lazima uzitoboe zote kwa drili, na ule unga wa chuma ambao haukusamehe utaangukia wapi? Yule aliyeosha kasha kwa sabuni anajua hilo kuliko mimi. Alifanya hivyo kwa sababu kasha la pili halikutengenezwa lifunguliwe. Lilitengenezwa litazamwe na mtu anayekuja mara moja.

Siku yenyewe liliwaka asubuhi, watu wakapiga picha. Saa saba mchana likawa zito, panya anasogea kwa kusitasita, saa nane tukalizima tukasema umeme umeisha. Uongo. Sasa liko kwenye kabati ya ofisi fulani.

Nataka niwe wa haki. Taa za bluu alizotandika ndani alizichagua mwenyewe na anazipenda, na watoto pia, na mimi sitamnyang'anya. Huko Ulaya na Marekani vijana wanaotengeneza makasha yao hutia madirisha na taa kupita kiasi, hakuna anayewaambia wawe na adabu ya umaskini. Kujionyesha si dhambi. Ugomvi wangu ni kwamba bati lenye maandishi ndilo lililosifiwa, na feni iliyowazwa kwa jioni mbili haikupata hata swali moja.

Mwaka 1976 kompyuta ya Apple ya kwanza kabisa iliuzwa kama ubao mtupu, bila kasha, kwa dola 666.66. Walionunua walijitengenezea makasha wenyewe, wengine kwa mbao. Moja yenye kasha la mbao, na jina limechongwa kwa mkono, imehifadhiwa makumbusho ya Smithsonian kule Marekani. Watu wanaikubali kama kazi ya mtu aliyehitaji kasha akalitengeneza. Hakuna anayeutazama ule ubao wa mbao kutafuta habari za shida za mwenyewe.

Rafiki yangu mmoja ananipinga. Anasema hata milango ya Kakuma 1 imetengenezwa kwa mikebe hiyohiyo na maandishi yako nje, huo ni ukweli wetu, kwa nini tuufiche. Nimefikiri sana juu ya neno lake. Nikaenda kuzitazama hizo milango. Kwenye mlango mmoja maandishi yako nje, yako kichwa chini, yako pembeni, mengine ndani, bila mpango. Mwenye nyumba alikuwa anafunga upepo. Hakumgeuzia mtu yeyote maandishi, na hakumficha mtu. Mlango ule ni mzuri kwa sababu hiyohiyo kasha la kwanza ni zuri, na nadhani rafiki yangu na mimi tunasema kitu kimoja ila yeye ni mbishi.

Kwenu ndugu zetu wa mashirika, nawaomba mkija tena msimame mbele ya kazi na kuuliza inafunguka vipi. Fundi atawaeleza mpaka mchoke. Na mkiwa mnatafuta zawadi ya kumletea, tupa ya nusu duara imekwisha meno, na skrubu za aina moja hazipatikani hapa sokoni ila kwa bahati.

Kasha la tatu limeshaagizwa. Ni mama mmoja mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa kopi huko Kalobeyei. Nilikuwepo alipokuja. Fundi akamwonyesha rangi, akamwonyesha taa za bluu, akamuuliza kama angependa maandishi ya mkebe yabaki nje, siku hizi yanapendwa. Mama akasema, "Mwanangu, mimi nataka kujua vumbi nitalitoaje." Fundi akalivuta lile la chini ya meza, akatoa kitambaa cha soksi, akafungua skrubu nne mbele yake, akazifunga tena. Wakaanza kuzungumza bei, mimi nikatoka. Bisibisi aliyotumia ni yangu na mpaka naandika haya hajairudisha.